Mbavu za Mlinzi Mzee

Kila ua unaofuga mbwa una sufuria ya mbwa. Huwa ni sufuria iliyokwisha kumaliza utumishi wake jikoni: ukingo umepinda, kitako kimebonyea, masizi yameshika kiasi kwamba majivu na mchanga haviwezi tena kuyatoa. Imepikia sikukuu na misiba, imechemsha maji ya kuogeshea watoto, kisha asubuhi moja ikaonekana inavuja, ikatolewa nje na kuwekwa karibu na mlango wa uani. Hapo ikapata kazi ya pili. Ya kwetu, huku Njombe, kwa miaka mingi ilikuwa na sauti yake. Kila jioni mbwa alipomaliza ugali aliendelea kuilamba, na ulimi ukaisukuma juu ya saruji mpaka ikagota ukutani. Tukisikia mgoto ule tulijua mlinzi ameshiba na usiku unaweza kuanza. Kisha zikaja siku ambazo sufuria ilikaa pale pale ilipowekwa. Ugali ulikauka juu ukafanya nyufa, kuku wakaja kudonoa pembeni, na mwenye sufuria akalala hatua chache kutoka hapo, akiwatazama bila kuwafukuza.

Mbwa wa nyanda za juu ana manyoya ya kudanganya. Baridi ya Juni na Julai huyafanya yawe mazito, na kwa mbali unaona mnyama wa mviringo, mwenye kifua na tumbo, ukaridhika. Ukweli uko chini ya manyoya, na njia ya kuufikia ni mkono. Madaktari wa mifugo wana ngazi yao ya 1 hadi 9: kwenye 1 mbwa ni mifupa iliyovikwa ngozi, kwenye 9 amenenepa hadi kiuno kimepotea, na 4 au 5 ndipo anapotakiwa kuwa. Kwa sisi tusio na vitabu vyao kuna somo la mkononi. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikijitokeza namna hiyo, mnyama amekonda mno. Nyoosha vidole, upapase mgongo wa mkono: hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kupapasika, zipo, unazihesabu, lakini zimefunikwa. Geuza mkono upapase upande wa kiganja, mahali mfupa unapotafutwa kwa kubonyeza, hapo unene umezidi. Nilipopitisha mkono ubavuni mwa mbwa wetu nilikutana na ngumi. Uti wa mgongo ulikuwa umesimama pingili moja moja. Juu ya macho, pande zote mbili za kichwa, palikuwa na mashimo mahali ambapo zamani palikuwa na misuli ya kutafunia, na mapaja yaliyowahi kuruka uzio yalikuwa yamelegea ndani ya ngozi iliyobaki na ukubwa wake wa zamani. Mafuta yakiisha, mwili hugeukia nyama yake wenyewe. Niliuacha mkono pale kwa muda. Moyo ulikuwa karibu sana na kiganja, hakukuwa na kitu katikati.

“Ni uzee huo,” watu husema. Anasema mpita njia, anasema fundi aliyekuja kuziba bati, anasema hata kijana wa bodaboda ambaye mbwa huyu alimkimbiza enzi za nguvu zake. Wanasema kwa upole, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua na bei ya viazi. Jibu hilo linanisumbua kwa kuwa linafunga shauri kabla halijasikilizwa. Uzee hupunguza mwendo na usikivu, huleta mvi mdomoni na ukungu machoni. Ila mnyama mzee aliye mzima hula akashiba akabaki na mwili wake, ukiacha kidogo kinachopungua kwenye misuli mwaka hadi mwaka. Akianza kukonda hadi mbavu zihesabike, kuna kinachomkondesha, na kitu hicho kina jina na kina mahali pake ndani ya mwili. Wanadamu nao tunawafanyia hivyo hivyo. Dada yake mama, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akikaa kwenye karamu na sahani ya nyama mapajani, akanywa mchuzi, akawagawia watoto vipande kimoja kimoja. Watu walimsifu kwa ukarimu. Kumbe alikuwa na magego mawili yaliyooza mpaka kwenye mizizi, na aliona haya kuwasumbua vijana kwa maumivu ya mtu wa umri wake. Alikonda mbele ya macho ya ukoo mzima, kwenye karamu, huku kila sala ya chakula ikimwombea maisha marefu.

Mzee wa kibinadamu angalau ana ulimi, hata akichagua kutoutumia. Mbwa amezaliwa na desturi ya kuficha. Mnyama anayewindwa, au anayeishi kwa kuwinda pamoja na wenzake, haonyeshi udhaifu wake ovyo, na desturi hiyo haikumtoka alipohamia kwenye nyua zetu. Mkia unaendelea kutikisika. Lango likigongwa anainuka. Anatimiza zamu akiwa na jipu mdomoni.

Bwana mifugo alipokuja hakuanza na sindano. Alichuchumaa karibu na sufuria, akaomba ugali uletwe, akakaa kutazama. Mbwa akanyanyuka kwa awamu, miguu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma baada ya kujiuliza, akaja. Akanusa. Akachota tonge, akalihamishia upande wa kushoto wa mdomo, akalaza kichwa, tonge likaanguka. Akalilamba. Akalichota tena, likaanguka tena. Kisha akarudi nyuma akaketi, mate yakimdondoka hadi kwenye miguu. “Unaona?” akasema bwana mifugo. “Huyu njaa anayo. Mdomo ndio umekataa.” Akamshika taya, akaufunua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Ukoga wa kahawia ulikuwa umeyafunika magego hadi kwenye ufizi, ufizi wenyewe umevimba, na alipoubonyeza ukatoa usaha. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, kumi zaidi ya yetu, na lililo kubwa kuliko yote upande wa juu, lile la kukatia nyama, lina mizizi mitatu inayopanda hadi karibu na jicho. Likioza, uso huvimba chini ya jicho, na mwenye mbwa hudhani mtoto wa jirani ametupa jiwe. Wa kwetu alikuwa na uvimbe huo, mdogo, chini ya manyoya.

Niliitafakari sana ile picha ya mnyama mwenye njaa aliyeketi mbele ya chakula. Tunapomwona kiumbe ameiacha sahani, akili hukimbilia kusema hataki. Kutotaka na kutoweza hufanana sana kwa anayetazama kutoka mbali, na mara nyingi anayetazama yuko mbali hata kama anaishi nyumba hiyo hiyo. Ni wazee wangapi wameandikiwa kwamba wamekataa kula, wakati kijiko kilikuwa kizito, au koo lilikuwa limekauka, au aliyekuwa akila nao alikuwa amekwisha kuzikwa?

Jino lilikuwa mwanzo tu wa orodha ya vinavyoweza kumkondesha mbwa. Minyoo ya safura hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu mpaka ufizi ukapauka, na mbwa mzee hulemewa nayo kama mtoto mchanga. Kupe wa kahawia, yule anayejificha kwenye nyufa za banda na kutoka usiku, hubeba vijidudu vinavyokaa ndani ya chembe za damu na kumnyausha mbwa kwa miezi, bila kikohozi wala kidonda cha kukuonya. Kuna figo zilizochoka, ambazo dalili yake ni kunywa maji mengi na kukojoa mengi. Kuna kisukari, maana mbwa hukipata pia, na hapo mnyama hula kwa pupa huku akikonda. Kuna moyo, kuna ini, kuna uvimbe wa ndani usioonekana hata kwa mkono mzoefu. Ndiyo maana bwana mifugo alikataa kuniachia dawa ya kuongeza hamu ya kula. Alisema kumwongezea hamu mbwa asiyeweza kutafuna ni kumwongezea mateso, akatuelekeza mjini jino likang'olewe kwa dawa ya usingizi. Njiani tulipita kwa mfanyabiashara wa mahindi, tukampandisha mbwa kwenye mizani ya magunia. Alisimama juu ya bamba la chuma, miguu ya nyuma ikitetemeka, akatazama pembeni kwa heshima zake zote. Kilo 16. Kwa mifupa yake alistahili 20.

Hapo ndipo swali la chakula lilipoanza kwa haki, na kwetu swali hilo lina historia ndefu ya ugali. Wako wanaosema mbwa ni mla nyama na ugali haumhusu. Mwaka 2013 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni la kutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga, kuliko mbwa-mwitu wa kaskazini ya dunia ambao ni jamaa zake wa karibu. Nakala hizo aliziokota kwetu, vizazi baada ya vizazi, kando ya maghala na majalala ya wakulima. Ugali umeandikwa ndani ya damu yake. Lakini kuishi kwa ugali ni jambo moja, na kujenga upya misuli iliyoliwa ni jambo lingine. Mbwa mzee ambaye figo zake ni nzima anahitaji protini zaidi ya kijana, kwa sababu mwili wake unaitumia kwa upotevu mkubwa zaidi, na nyumba nyingi humpa chini ya ile aliyokuwa akipata ujanani, maana siku hizo alijitafutia panya na mayai ya kanga vichakani, na sasa hawezi.

Halafu kuna lile tunaloliita chakula cha mbwa. Unga uliopata ukungu, mahindi yaliyoloweshwa na mvua ghalani, karanga zilizokunja ngozi, vyote hivyo mtu huvitazama, akasita kuvitupa, akasema ni vya mbwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo hukaa kwenye nafaka hata baada ya kupikwa. Ini la mbwa ni miongoni mwa maini yanayoumizwa nayo upesi. Kwa hiyo kile ambacho binadamu amekiogopa humwendea mlinzi wake kikiwa na jina la fadhila, na miezi baadaye mlinzi akikonda na macho yakageuka manjano, tunasema ni uzee. Hata mchuzi wetu mtamu una neno lake. Sisi huanza kupika kwa kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichoiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyochemshwa nayo hupasuka ikawa na ncha. Makombo ya mezani yana upendo ndani yake, silibezi hilo, ila tumbo halitofautishi upendo na sumu.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii nimeisikia tangu utoto ikisemwa kwa wavivu na kwa wanaojisifia ya zamani, lakini sasa naisikia kwa sikio la mbwa aliyekonda. Kuna kishawishi cha kufidia. Ukiziona mbavu unataka kummiminia kila kitu usiku mmoja, nyama, maziwa, mafuta, mifupa, kana kwamba njaa ya mwaka inaweza kulipwa kwa mkupuo. Mwili uliozoea kukosa hauko tayari kwa karamu. Mwaka 1945 wafungwa waliokutwa hai kwenye kambi ya Bergen-Belsen walipewa chakula na askari waliowahurumia, na wengine wakafa kwa chakula hicho, kwa sababu mwili uliokauka hauwezi kupokea wingi ghafla bila chumvichumvi za damu kuvurugika. Kwa mbwa ni vile vile. Mafuta mengi ya ghafla huwasha kongosho, na mbwa mzee anaweza kufa kwa mapenzi ya siku moja. Haba na haba hujaza kibaba: milo midogo mitatu au minne kwa siku, ikiongezwa taratibu wiki hadi wiki.

Mwili wa mbwa wa kilo 16, hata akilala tu, unahitaji kama kilokalori 560 kwa siku ili moyo upige na damu ibaki na joto, na akitembea na kulinda huongezeka karibu nusu ya hapo. Yai moja la kuku lina kama 70. Kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kama 120, ndiyo maana kijiko kimoja kinatosha na viwili ni ujasiri. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, basi tunawaosha mchanga na chumvi, tunawachemsha, tunawatwanga kwenye kinu hadi wawe unga, tunaukorogea kwenye uji mzito wa dona pamoja na viazi vilivyopondwa. Buchani tunachukua pafu na bandama, tunachemsha, tunakatakata kwa kisu kidogo vipande visivyohitaji jino. Vyote hupewa vikiwa na uvuguvugu wa mwili wa mbwa mwenyewe, kama nyuzi 38, kwa sababu pua ya mzee imepungua na chakula cha moto kiasi hutoa harufu inayomfikia. Uji ukipoa, haugusi. Ukirudishwa jikoni ukapashwa, anakuja. Kwanza nilidhani ni kudeka, sasa nadhani ndivyo kila mwenye kuzeeka anavyotaka: kitu kile kile, ila kisogezwe karibu kidogo.

Kusogeza karibu kumegeuka kuwa kazi yenyewe. Shingo yake haipendi kuinama, kwa hiyo sufuria imepandishwa juu ya tofali mbili. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiteleza kwenye saruji anapokula, na mnyama anayehofia kuanguka hali kwa utulivu, tukatandika gunia. Tuna mbwa kijana pia, mwenye meno yote na haraka zote, na kijana huyu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa tu akimaliza chake halafu akasimama karibu na cha mzee. Mzee humwachia. Hajawahi kung'atwa kwa ajili ya chakula, hajawahi kupigana, anaondoka tu kwa ustaarabu wa anayejua mambo yamebadilika. Sasa kijana hufungiwa mpaka mzee amalize, na kuku vivyo hivyo, na mtu mmoja wa nyumbani huketi hapo. Nafikiri kuketi huko kunaongeza uzito, japo hakuna mizani ya kulipima hilo. Usiku analazwa ndani ya banda lenye ukuta upande wa upepo, juu ya nyasi kavu, kwa sababu mbwa asiye na mafuta hutetemeka, na kutetemeka huunguza usiku kile alichokula mchana.

Jirani yetu alisimama uzioni asubuhi moja, akatazama, akauliza, “Jirani, yai unampa mbwa?” Hakuuliza kwa kejeli. Ni mama anayelea wajukuu, na anajua idadi ya mayai yanayopita kwa mtoto mmoja katika mwezi. Swali lake ni zito na sitaki kulipita kwa kuruka. Katika nchi ambayo watoto wengi hudumaa kwa kukosa kile kile ninachokichemsha kwa ajili ya mnyama, mwenye kumpa mbwa yai anapaswa kuwa na la kusema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwangu kuona wepesi mahali ambapo yeye anaona uzito. La kusema nililo nalo ni hili. Mbwa huyu amelala nje ya mlango wetu usiku wote wa maisha yake. Vicheche hawakuingia bandani, ng'ombe hakutolewa zizini, watoto walikua wakijua kwamba kuna anayesikia kabla yao. Hakuna mtu aliyekaa akahesabu ujira wake, kwa sababu ujira ulikuwa makombo na hakuuliza. Mayai tunayompa ni mayai aliyoyalinda. Na ninampa jirani yangu mayai pia anaponiruhusu, maana huruma haikuwahi kuwa kibaba kimoja ambacho ukimpimia huyu unampunja yule. Nimewaona walio wakali kwa wanyama wao, na sikuwaona kuwa wapole zaidi kwa watoto wao.

Hayo yalisemwa zamani kuliko sisi. Rafiki yangu wa Tanga hafugi mbwa, kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiye aliyenikumbusha kisa cha msafiri aliyeshuka kisimani kunywa, akapanda, akamkuta mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu. Yule mtu akashuka tena, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno yake ili mikono ibaki ya kupandia, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akanikumbusha pia mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini miaka yote waliyolala, akatajwa ndani ya Kurani pamoja nao. Sisi tuliokulia kanisani tuna yule mwanamke Mkanaani aliyemjibu Yesu kwa habari ya mbwa na makombo ya mezani, na mtoto wake akapona kwa jibu hilo. Nchi nayo imeandika: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na njaa isiyo na sababu ni miongoni mwa yale inayokusudia kuyazuia. Imani zinatofautiana kuhusu mbwa alale wapi. Kuhusu kumwacha na njaa na kiu, sijaona zinapotofautiana.

Lakini linalonishika kuliko yote ni mbwa mwingine, aliyekufa zamani mno. Mwaka 1914 wachimba mawe wa Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja miaka kama 14,000 iliyopita, na ndani yake mifupa ya mbwa. Ni miongoni mwa mbwa wa kale kabisa wanaojulikana kuzikwa na watu. Mwaka 2018 watafiti walioyachunguza meno yake walieleza kwamba alikuwa bado mtoto, wa miezi sita hadi saba hivi, na kwamba mistari iliyoharibika kwenye meno ilionyesha alikuwa ameugua vibaya, wiki kadhaa, ugonjwa wa virusi ambao mpaka leo huua watoto wa mbwa. Asingezivuka wiki hizo bila mtu wa kumpasha joto, kumsafisha matapishi na kuhara, kumtia maji na chakula mdomoni. Mbwa huyo hakuwahi kuwinda. Hakuwahi kulinda. Alikuwa mtoto mgonjwa, na hapakuwa na faida yoyote iliyotarajiwa kwake upesi, katika zama ambazo watu wenyewe walihemea porini kwa kila tonge. Walimlisha hivyo hivyo, na alipokufa walimweka kaburini na watu wao. Wasomi wa uhusiano wa mtu na mbwa hupenda kuuanzisha kwenye mapatano: wewe linda, mimi nitakulisha. Yale meno yananieleza kwamba tangu mwanzo, kando ya mapatano hayo, kulikuwa na ulishaji ambao haukungoja malipo wala haukulipa deni. Na kama ni hivyo, basi kumlisha mzee asiyeweza tena kubweka hakukuongezwa juu ya ufugaji na watu wenye nafasi na mayai. Kulikuwamo humo humo tangu mbwa alipokuwa mbwa.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa huchukua tabia ya mwenyewe, ndiyo maana yake, na mtu anayepita njiani humsoma bwana kwa kumtazama mbwa. Nakubaliana nao, na ningependa wapita njia wausome pia mwili. Mbavu za mlinzi zilizoachwa hadi kuhesabika ni barua iliyobandikwa langoni. Zinaeleza nyumba hiyo inawafanyaje walioitumikia wakachoka, na mfanyakazi wa ndani anaisoma, na shangazi mjane anayekaribia kuja kuishi hapo anaisoma, na watoto wanaojifunza namna watakavyotutunza nao wanaisoma kila siku wanapotoka kwenda shule.

Tangu jino ling'olewe na minyoo ishughulikiwe, mizani ya mahindi imepanda hadi kilo 17 na nusu. Mbavu bado zinapapasika bila kutafutwa, ila si vifundo tena. Mashimo ya kichwani hayajajaa, na mapaja yamekataa kabisa kurudi, jambo ambalo bwana mifugo alituonya: mafuta huja upesi, misuli ya mzee hurejea kidogo au hairejei, na anahitaji matembezi mafupi kila siku ili hata hicho kidogo kipate kazi. Anatembea hadi kwenye mti wa parachichi na kurudi. Kinachonitia wasiwasi ni maji. Bakuli linaisha kabla ya saa sita, na usiku anainuka kukojoa mara nyingi kuliko zamani, hivyo daktari wa mjini anataka damu na mkojo vipimwe siku ya Jumatatu. Ikiwa figo ndizo, dagaa watapunguzwa kwa sababu ya madini ya fosforasi yaliyomo kwenye mifupa yao, ute mweupe wa mayai utachukua nafasi kubwa zaidi, mafuta ya alizeti yatabaki, maji yatakuwa huru, na itabidi tukubali kilo atakazoweza badala ya zile tunazozitaka. Ikiwa sizo, tutaendelea kutafuta. Mwenye bajaji amekubali kutubeba alfajiri, kwa sharti kwamba tutandike kitu kwenye kiti. Mkojo tumeambiwa tuukinge ule wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa chochote.